Korona Isiyo na Mashine

Nyumbani kwetu tulizungumza kwa kupaza sauti. Hapakuwa na ugomvi. Mama akitaka aletewe chumvi aliita kama mtu aliye ng'ambo ya mto, nasi watoto tuliitika vivyo hivyo, na majirani wa kambi nzima walikuwa na sauti hiyohiyo. Nilipopelekwa shule ya bweni, Tanga mjini, wenzangu waliniuliza kwa nini nafoka kila nikifungua kinywa. Sikuwa na jibu. Nilidhani ndivyo watu wanavyosema.

Baba alilisha korona kwa miaka kumi na tisa. Najua neno hilo sasa lina maana nyingine. Tangu mwaka 2020 limechukuliwa na maradhi, na sidhani kama tutarudishiwa. Lakini kwa sisi tuliozaliwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga, korona ni mashine inayochakata majani ya mkonge kuwa singa, na vilevile ni jengo zima lenye mashine hiyo ndani. Jina lilitokana na aina mojawapo ya mashine zilizoundwa Ujerumani, likaenea hadi likawa jina la zote. "Baba yuko korona" maana yake yuko kazini. Nilipomwambia mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, kwamba nasafiri kwenda kupiga picha korona, alinitazama kwa hofu akaniuliza kama nitavaa barakoa. Nilivaa kweli, kwa ajili ya vumbi na kinyesi cha popo.

Ilikuwa Agosti 2022. Ndugu yangu aliyebaki kijijini alinipigia simu kunijulisha kwamba kiwanja cha kiwanda kimeuzwa: jengo la korona, stoo ya marobota na karakana. Mnunuzi alitaka kujenga maghala ya nafaka na maegesho ya malori, maana barabara kuu ipo karibu. Mashine zenyewe hazikuwepo tena. Zilikatwa kwa gesi miaka mingi nyuma, zikapakiwa kwenye malori na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Zilizobaki ni kuta, nguzo, mabati na sakafu. Nilimwandikia mwenye kiwanja barua, nikamweleza kwamba mimi ni mpiga picha, kwamba nimezaliwa pale, na kwamba sitamdai chochote. Akanipa siku tano.

Siku mbili za kwanza nilizipoteza. Nasema hivyo ingawa picha za siku hizo ndizo zinazosifiwa zaidi mpaka leo. Shamba liko kati ya Muheza na Korogwe, na mwezi wa nane asubuhi kule huwa na ukungu mwepesi unaochelewa kuondoka. Mabati ya paa yalikuwa yametoboka. Inapofika saa mbili na nusu, jua la mashariki lilipenya kwenye matundu likashuka hadi sakafuni kama fito, vumbi likipanda na kushuka ndani yake. Mtu yeyote mwenye kamera angefanya nilivyofanya. Nilisimamisha stendi ya miguu mitatu, nikafunga lenzi pana, nikaiacha kamera inywe mwanga sekunde nne, sita, nane. Nilipiga kutu. Nilipiga mtini mwitu uliojiotea dirishani na kuteremsha mizizi yake ukutani. Nilipiga buti moja la mpira lililokosa mwenzake. Usiku nilizitazama kwenye kompyuta, nikafurahi, kisha furaha ikapoa. Picha zile zingeweza kuwa za kiwanda chochote, cha nguo au cha korosho, cha hapa kwetu au cha Ulaya. Hakuna ambaye angezitazama akajua pale ilifanyika kazi gani. Nilikuwa nimepiga picha za uchakavu, nao uchakavu unafanana kila mahali.

Siku ya tatu asubuhi aliingia mzee mmoja mwenye fimbo na kofia ya kufuma. Alisimama mlangoni muda mrefu bila kusema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikamtajia baba. Alinyamaza, kisha akanipa ishara nimfuate. Alitembea polepole hadi katikati ya ukumbi, akasimama mahali pasipo na kitu, akagonga sakafu kwa fimbo.

"Baba yako alikuwa hapa."

Nilitazama chini. Saruji ilikuwa imelika. Palikuwa na vishimo viwili vipana visivyo na kina, laini kama ndani ya bakuli, vikiachana hatua moja. Nilikuwa nimevikanyaga siku mbili nzima. Katika picha mojawapo mwale wa jua ulikuwa umeangukia palepale, nami nilikuwa nimeihifadhi kwa jina la "mwanga 14".

"Siyo miguu yake peke yake," mzee akasema. "Kabla yake palikuwa na Muha mmoja, na kabla ya huyo sikuwakuta. Lakini ya mwisho ni yake."

Mzee yule alikuwa fundi wa korona. Nilimwomba anieleze mashine ilikaaje. Hakunieleza. Alimtuma kijana kijijini, na kabla ya saa sita mchana walikuwa wamekusanyika watu saba, yeye akiwemo, wanaume watano na wanawake wawili, wote waliofanya kazi mle ndani.

Lazima nisimulie mashine hiyo kidogo, kwa sababu bila kuijua mtu haoni kilichotokea mchana ule. Jani la mkonge ni refu kupita mita moja, gumu, lenye mwiba nchani, na singa zilizomo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Yote mengine ni maji na nyama ya jani, yenye utomvu unaowasha ngozi na kula chuma. Jani likishakatwa lapaswa lichakatwe upesi, ndani ya siku mbili hivi, kabla halijakauka singa zikashikamana na maganda. Ndiyo maana korona ilijengwa shambani kwenyewe, karibu na maji, na reli ndogo za trole zikaijia kutoka pande zote. Wakataji walifunga majani thelathini thelathini. Trole zikaleta. Walishaji wakafungua vifungu mezani na kuyatandaza majani sawasawa, yote yakilala upande mmoja. Mnyororo ukayabana na kuyapitisha kwenye ngoma ya kwanza yenye visu butu, ambayo iliyapiga na kuyakwangua nusu moja huku maji yakimwagika juu yake. Kisha mshiko ukahamia upande uliosafika, na ngoma ya pili ikamalizia nusu iliyobaki. Singa zikatoka mbichi, za kijani hafifu, zikapelekwa uwanjani kuanikwa mpaka ziwe nyeupe. Baadaye zikapita kwenye brashi, zikapangwa kwa daraja na kubanwa marobota ya kilo 250.

Maneno hayo niliyajua tangu utoto. Jinsi yalivyokaa sakafuni sikuwahi kuijua, maana watoto hatukuruhusiwa kuvuka mlango.

"Simameni kila mtu mahali pake," niliwaomba.

Walitawanyika bila kuulizana. Mzee wa trole alikwenda mlangoni, kwenye vipande viwili vya reli vilivyozama udongoni. Wazee wawili walikwenda mezani pasipo na meza. Fundi alisimama karibu na boliti nane zilizokatwa usawa wa saruji, ambazo nilikuwa nimezipita bila kuzijali, na hapo ndipo ilipokaa mota. Mzee wa tano, aliyekuwa akipokea singa, alihesabu hatua kwa mdomo kutoka kwa walishaji na kusimama mbali nao, akakunja mikono yake tayari kupokea. Bibi mmoja aliyeanika singa alitokea mlango wa nyuma kwenda uwanjani, na bibi wa brashi akaenda banda la pili, kisha akaita kwa sauti kali akitaka kujua kwa nini hatumwoni.

Na hapo niliiona mashine. Niliona urefu wake kwa umbali uliokuwepo kati ya mlishaji na mpokeaji. Niliona kimo cha meza kwa jinsi mikono ya walishaji ilivyoelea usawa wa kiuno. Niliona nafasi kati ya ngoma mbili kwa hatua nne alizopiga fundi kabla ya kugeuka kushoto, akikwepa kitu ambacho hakikuwepo. Chuma kilikuwa kimeuzwa na kuyeyushwa, lakini umbo lilibaki katika miili ya watu hawa, nao wenyewe hawakujua kwamba wanalo. Nilitetemeka mikono hata nikashindwa kukaza skrubu ya stendi.

Nikaanza kuwauliza maswali kutoka nilikosimama. Hawakunijibu. Walikuwa wakitazamana na kupeana ishara. Fundi alisugua kifua chake kwa kiganja, mzee wa mezani akatikisa kichwa. Baadaye niliambiwa kwamba aliuliza kama maji yanatosha. Vidole viwili shingoni: mnyororo umekwama. Kiganja kilichoshushwa polepole: punguzeni majani. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita tangu korona ile isimame kabisa, na mikono yao haikusahau.

"Huku hakuna anayesikia, mwanangu," mmoja wa walishaji akaniambia hatimaye, kwa sauti ileile ya nyumbani kwetu. "Huku ni mikono tu."

Kisha fundi akainua mkono wa kulia juu ya kichwa, ngumi imekunjwa, na wote wakaacha walichokuwa wakifanya.

Ishara ile niliijua. Baba alikuwa nayo. Tukicheza uani kwa vurugu, alitokea mlangoni akainua ngumi hivyohivyo, asiseme neno, na sisi tukaganda. Nilimwogopa kwa ngumi hiyo utoto wangu wote. Niliwahi hata kumwambia mke wangu kwamba baba hakunipiga mara nyingi lakini siku zote alinionyesha kwamba anaweza. Nikamuuliza fundi maana yake.

"Simamisha," akasema. "Mtu yuko hatarini, simamisha."

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Baba alikuwa amefariki mwaka 2009. Nilikwenda nje nikakaa kwenye ukingo wa mfereji wa maji machafu kwa muda, na wazee wakaniacha.

Tangu hapo nilipiga picha kwa namna nyingine, na siku tatu zilizobaki nikazipanga kama mtu anayepima kiwanja. Kwanza, kabla ya kugusa kamera, nilichora ramani ya sakafu kwenye daftari la shule, nikampa kila mtu namba ya mahali pake, nikapima kwa futi kamba umbali kutoka mtu hadi mtu. Kisha nikaweka kamera mahali pamoja, usawa wa kifua cha mtu, isihame. Nilipiga picha ya ukumbi mtupu. Nikapiga tena mlishaji akiwa mahali pake, peke yake, mikono ikifanya kazi. Nikapiga tena mpokeaji. Ukizitazama picha hizo kwa mfululizo, ukumbi unajaa mtu mmoja mmoja, na jicho linaanza kujaza chuma lenyewe. Nilingoja jua lipande juu ya paa, mwale wa asubuhi uondoke, mwanga uwe tulivu na sawa kila upande. Uzuri uliokuwa umenishika siku ya kwanza sasa ulinizuia kuona vishimo vya sakafuni, kwa kuwa mwanga mkali hufanya kila kilicho pembeni yake kuwa giza.

Jambo hilo la mwanga nililisoma kwa Bernd na Hilla Becher, Wajerumani, mke na mume, walioanza mwaka 1959 kupiga picha minara ya migodi, matangi ya maji na matanuru ya chuma ambavyo vilikuwa vikifungwa na kubomolewa. Walingoja siku za mawingu, wakakiweka kila kitu uso kwa uso na kamera, wakarudia vivyo hivyo miaka na miaka. Nawaheshimu sana. Subira yao imenifunza kuliko mwalimu yeyote niliyekaa darasani kwake. Lakini katika picha zao hakuna watu, na nadhani kule kwao waliweza kufanya hivyo kwa sababu michoro ya mashine, vitabu vya mishahara na majina vilihifadhiwa mahali pengine. Mwenye kabati lililojaa karatasi anaweza kupiga picha ya mnara mtupu. Sisi kabati letu ni wazee.

Karatasi za shamba letu zilichomwa. Wakati mmoja shamba lilipobadili wamiliki, ofisi ilisafishwa, na vitabu vyote vya mahudhurio, vya malipo na vya ajali vikatupwa katika shimo nyuma ya karakana, vikamwagiwa mafuta ya taa. Mzee wa trole aliuona moshi. Anasema alidhani wanachoma makapi. Sijui kama aliyetoa amri hiyo alifikiri hata dakika moja kwamba katika vitabu vile mlikuwa na majina ya watu waliokuja kwa miguu, kwa malori na kwa treni kutoka Kigoma, Njombe, Burundi na Msumbiji, wengine wasirudi kwao kamwe. Nina uchungu na moto huo mpaka leo, na sioni sababu ya kuuficha.

Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wakati wa Waingereza wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuwatafuta wafanyakazi mbali, lililoanzishwa mwaka 1944 na kujulikana kwa jina la SILABU. Mtu alipewa kadi, kipande, cha siku 30 za kazi, ambazo alipaswa kuzikamilisha ndani ya siku 42. Mzee wa trole alikuwa na kipande kimoja cha marehemu baba yake, kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya kupigia kura. Ndiyo karatasi pekee ya shamba letu niliyoiona kwa macho yangu. Nilikipiga pande zote mbili, juu ya meza ya mbao, nikaweka rula pembeni yake.

Mkonge wenyewe ulikuja kama manamba, kutoka mbali na kwa tabu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo ilitoka milingoti yote niliyokua nikiiona ikisimama hadi upeo wa macho. Miaka ya 1960 ilipoanza, Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yakataifishwa katika kipindi ambacho soko lilikuwa limekwisha kuyumba. Wasomi hubishana juu ya nini kiliua nini. Wazee niliowauliza hawakubishana. Walitaja mwezi ambao mshahara ulichelewa kwa mara ya kwanza, na wote saba walitaja mwezi uleule.

Siku ya nne ilikuwa ya bibi wa brashi. Kwenye ukuta wa stoo ya marobota palikuwa na herufi za rangi nyeusi zilizojaribiwa na mwandika marobota kabla ya kuchapa kwenye mzigo wenyewe: 3L, UG, 3L, 3L, UG. Hizo ni alama za madaraja ya singa. Bibi aliniambia hajawahi kusoma barua maishani, watoto wake humsomea, lakini zile alizisoma moja baada ya nyingine, kidole kikipita ukutani. Kisha akaona kwenye msumari kishungi kidogo cha singa, cheusi kwa vumbi, kilichobaki pale sijui tangu lini. Alikichomoa, akakipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, mara mbili, macho amefumba.

"UG," akasema. "Fupi, na haikupigwa brashi vizuri. Siyo yangu."

Picha yake nikaipiga kwa karibu: vidole na kile kishungi. Kucha zake mbili za mkono wa kulia zimepinda, ziliwahi kushikwa na brashi mwaka ambao alikuwa na mimba ya mwanawe wa kwanza. Aliniomba nisionyeshe uso. Nilimkubalia. Nimeona wapiga picha wengi wakisema kwamba uso ndio mtu. Kwa watu waliofanya kazi hii, sikubali.

Vijana wanaonifuata katika kazi huniuliza wachukue nini wakienda kupiga jengo linalokaribia kubomolewa. Huwa wanatarajia nitaje lenzi. Nawaambia waende siku moja bila kamera, wakae kwenye kahawa ya kijiji, watafute nani alifanya kazi mle. Wabebe futi kamba, daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu wino wa peni huweza kupotea ukilowa. Waandike nyuma ya kila picha ni nani, alisimama wapi na alikuwa akifanya nini, siku ileile, si wiki ijayo. Picha isiyo na maneno baada ya miaka thelathini hugeuka kuwa pambo. Nawaambia pia wasikanyage katikati ya dari la mbao wala bati, wapite juu ya boriti, na wasiingie peke yao. Mimi mwenyewe siku ya kwanza niliingia peke yangu, na mguu wangu ulipita kwenye mfuniko wa mfereji uliooza. Ningevunjika, ningelala mle hadi asubuhi.

Nilijaribu kuuliza kama jengo linaweza kuokolewa. Sheria yetu ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964, na miaka iliyotajwa ndani yake kama mpaka wa ulinzi wa moja kwa moja wa majengo inaishia karne ya kumi na tisa, kabla hata ya ile miche 62 kufika Pangani. Jengo la baadaye linalindwa likitangazwa na waziri. Kwa hiyo msikiti uliobaki magofu Tongoni una mlinzi na kibao, nami nafurahi kwamba unavyo, wakati korona zilizobeba uchumi wa nchi nzima hazina chochote isipokuwa fedha ya anayezinunua. Simlaumu aliyenunua kiwanja chetu. Amenipa siku tano bila kunidai shilingi, na vijana wa kijiji wanahitaji ajira ya kupakia mahindi kama baba zao walivyohitaji ajira ya kupakia singa. Ninachodai ni kwamba mtu aandikishe kabla ya nyundo. Siku tano zinatosha kwa mambo mengi. Siku moja ingetosha kumfikia fundi.

Jioni ya siku ya tano niliwaomba wote warudi mahali pao mara ya mwisho, nikapiga picha moja yao pamoja. Mahali pa baba palibaki wazi. Fundi aliniambia niende nisimame pale, kijana wake angebonyeza kamera. Nikavua viatu. Vishimo vile vilinikaa vizuri kisiginoni, lakini hatua yangu ni ndefu kuliko ya baba, ilinibidi kuikaza miguu kidogo. Saruji ilikuwa ya baridi. Sikujua mikono yangu niifanye nini, ndipo mlishaji aliyekuwa kando yangu akanishika viganja vyote viwili, akavifungua na kuvigeuza chini, akavisukuma mbele na kuvitenganisha. Akarudia. Akarudia tena, mpaka nikashika mwendo.

Jengo lilibomolewa Oktoba, kabla ya mvua za vuli kushika. Sikwenda kuona. Sakafu hawakuing'oa. Ilikuwa imara mno, wakamwaga saruji mpya juu yake, na leo malori yanaegeshwa pale.

Januari nilirudi na picha arobaini zilizochapwa, nikazitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya mkonge, katika darasa moja la shule ya msingi ya kijiji. Nilidhani wangekuja watu ishirini. Walijaa hadi nje ya madirisha. Wakaanza kunisahihisha. Namba 6 nimeikosea, yule hakuwa mpokeaji mwaka wote, nusu ya mwaka alikuwa uwanjani. Picha ya mfereji nimeitundika kichwa chini. Mama mmoja aliyetoka Korogwe alisema kwenye boliti za mota ndipo kaka yake alipoungulia, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Niliandika yote kwa kalamu ya risasi, nyuma ya picha, nikiwa nimepiga magoti sakafuni kwa sababu madawati yalikuwa yametolewa. Mke wa mwalimu mkuu alikuja kusema chakula kiko tayari. Niliita. Hapakuwa na aliyenisikia, wazee wote walikuwa wakisema kwa mpigo, kila mmoja akipaza sauti juu ya mwenzake kama jirani zetu wa kambini.

Fundi alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinitazama, akaegemeza fimbo ukutani, akainua ngumi.

Darasa zima likanyamaza.